Jina Langu Chini ya Kipeperushi

Bi Gesche mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha kufulia ili baba asinione, na nakusihi unijibu kwenye gazeti la Ijumaa hii, maana Jumatatu vipeperushi vyetu vinakwenda kuchapwa tena na sina tena pa kukimbilia. Jina langu tafadhali lifiche.

Nina miaka hamsini na tatu, nafundisha shule ya msingi, nimezaliwa na kukulia huku huku Wendland, kaskazini mwa Ujerumani, na unatujua watu wa huku, mtoto anajua kusema "nyuklia hatutaki" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Baba yangu, Enno, ana miaka themanini na moja na ndiye aliyeanzisha kikundi chetu cha mazingira, ameegesha trekta lake barabarani kuzuia malori ya taka za nyuklia mara sijui ngapi, na katika purukushani na polisi alivunjika mguu ambao mpaka leo haukunjiki. Mimi mwenyewe nililala relini kuzuia treni ya taka hizo nikiwa na mimba ya miezi mitano, kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu wa kuja.

Sasa Bi Gesche, sheria inataka kila kipeperushi kiwe na jina na anwani ya mtu anayebeba dhamana ya kilichoandikwa, na kwa miaka ishirini na miwili mtu huyo ni mimi, Wiebke Niebuhr, herufi ndogo, chini kabisa. Kile kinachopendwa kuliko vyote kina picha ya kinu cha nyuklia, mnara mkubwa unatoa wingu jeupe, na chini yake maneno: "Sumu hii inaingia kifuani mwa mwanao." Nimekigawa sokoni, kanisani, hata kwa wazazi wa wanafunzi wangu.

Binti yangu Fenja, huyo huyo niliyelala naye relini, amesomea uhandisi wa vinu vya nyuklia (cheka tu, kijiji kizima kimeshacheka), na majira ya kuchipua alikuja nyumbani akaniwekea kipeperushi mezani.

"Mama, hiki kinachotoka hapa juu ni nini?"

"Sumu," nikamjibu.

"Ni mvuke, Mama. Mvuke wa maji, kama wa sufuria ya viazi. Wewe unawafundisha watoto maji yakichemka yanakuwaje, halafu jina lako unaliweka hapa?"

Alipoondoka nikatafuta vitabu. Nikaanza kusoma, nikakuta ni mvuke kweli, na kadiri nilivyosoma nikakutana na lile tusilopenda kulitaja mikutanoni, kwamba moshi wa makaa ya mawe unaua watu kila mwaka, na sisi siku vinu vilipofungwa tulicheza ngoma barabarani, mitambo ya makaa inaendelea kuwaka, na hakuna hata mmoja wa kikundi chetu aliyewahi kuegesha trekta mbele yake. Nikaenda kwa Hartmut, mwenyekiti wetu, nikamwambia tuitoe ile picha. Akacheka.

"Wiebke dada yangu, mvuke haumtishi mtu. Sisi tunataka watu waogope, vinu visije vikawashwa tena."

"Lakini si kweli, Hartmut."

"Ni kweli kimsingi. Na baba yako utamwambia nini? Kwamba mguu wake ulivunjika kwa ajili ya mvuke?"

Aibu ikanishika, nikaenda kuing'oa ile X ya mbao ya njano langoni kwetu, alama yetu ya kupinga nyuklia ambayo kila nyumba ya kikundi inayo, nikawaambia watu imeoza. Haikupita wiki, jirani yangu Ilse na mumewe hao, wamenichongea nyingine ya mwaloni, rangi bado inanukia, wameifunga wenyewe kwa parafujo sita huku wanaimba, na mimi nikafanya nini? Nikawakatia keki ya siagi nikawamiminia kahawa. Jumamosi yake Fenja akaja kuniaga, maana ameajiriwa kwenye kinu huko Finland. Akasimama langoni, akaitazama. "Hongera, Mama. Mpya kabisa." Akarudi kwenye gari, hata begi hakushusha, na leo ni wiki ya tatu hapokei simu yangu.

Nikiondoa jina, baba atajua nimemwacha mkono uzeeni. Nikiliacha, nimempoteza mwanangu. Nisaidie, sili nikashiba.

Mama Fenja


BI GESCHE ANAJIBU

Mama Fenja, pole sana. Naisema pole yote sasa hivi kwa sababu mbele nitakukaripia.

Jina umeniomba nilifiche, na majina yote nimeyabadili. Lakini hebu jisikie mwenyewe: kwenye barua ya ukweli unajificha, na chini ya uongo umesimama hadharani miaka ishirini na miwili, na anwani juu.

Hukujua, na kutojua nakusamehe. Sote tuliogopa, na hatukuogopa bure. Taka zile bado zipo na hakuna anayejua pa kuzilaza. Ukitaka kuipinga nyuklia mpaka uzeeni, ipinge kwa hilo. Ila kikundi kinachojua kuwa ni mvuke kikaandika sumu, hicho hakilindi tena mazingira, kinajilinda chenyewe. "Kweli kimsingi"! Nimeuza jibini sokoni miaka kumi na moja, na lililoota ukungu sikuwahi kumwambia mteja kwamba ni zima kimsingi.

Na ile keki! Hapo nilicheka, halafu nikakasirika. Kisu cha keki unacho mkononi, mdomo unao, ukashindwa kusema, "Ahsanteni jamani, lakini sitaiweka tena"? Ilse si askari. Angenuna siku mbili akaja kukuazima mayai.

Sasa sikiliza. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kamwambie baba yako. Usingoje yale matembezi ambayo kikundi chenu hufanya kila Jumapili akalisikie kwa Hartmut. Mtu aliyesimama mbele ya polisi na mguu ukavunjika, wewe unamwona hawezi kuhimili habari ya mvuke? Mwambie mguu wake ulivunjika kwa ajili ya taka zilizokuwa zije kulazwa chini ya mashamba yenu, na hilo halijabadilika. Akifoka, mwache afoke. Akinyamaza, kaa naye.

Kisha mwandikie Hartmut mistari miwili: jina langu ondoa. Picha anaitaka sana? Aweke lake yeye, na anwani ya nyumba yake. Utaona picha itakavyotoka haraka. Na X uifungue wewe mwenyewe, mchana kweupe, umrudishie Ilse mkononi na shukrani.

Anabaki Fenja. Ana haki, lakini kununa amekurithi wewe na babu yake, na mtu asiyepokea simu humsubiri apokee. Unamfuata.

Hili sijawahi kuliandika gazetini. Nilikuwa na mdogo wangu, Antje, mpishi kwenye kantini ya kinu kimoja. Yeye alikuwa ndani ya geti, mimi nje na bango langu, na asubuhi moja nilimwita muuaji mbele ya wenzake. Hatukusemezana miaka kumi na minne. Alipougua sikuambiwa, jirani yake alinipigia siku ya mazishi kuniuliza kama ningependa nitumiwe sweta zake.

Lile bango, Mama Fenja, nimejaribu mara nyingi kukumbuka niliandika nini. Sikumbuki. Kata tiketi ya Finland.