Nani Aliwaweka Rehani?

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya Nyololo haina adabu. Mume wangu Anord kaondoka asubuhi na lori, anavukia mpakani Tunduma kwenda kule kwenye vita. Kapata kazi ya kubeba mizigo ya lile taifa kubwa lililoingiza jeshi. Masanduku yote yamechapwa neno moja jeusi: UKOMBOZI. Mama mkwe akauliza, ndani kuna nini? Mwanawe akacheka – unga na dawa, mama. Lori lilikuwa jepesi, linarukaruka kwenye matuta. Kavaa sweta la kijani alilofumiwa na mama yake. Kaniaga vizuri.

Jumapili, 8 Juni

Shemeji Liberatus, mwalimu wa uraia, leo kahubiri kuliko mchungaji! Eti wanajeshi wale wamekwenda kwa ajili ya utu, hawataki hata punje ya mali ya watu. Mama mkwe kamsikiliza hadi mwisho.

"Wanawakomboa? Kwani nani aliwaweka rehani?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Yeye hakucheka. Baba mkwe alipougua, cherehani ya mama iliwekwa rehani Mafinga. Akaikomboa, ikarudi kwake. "Sasa hawa wakikomboa, kitu kinarudi kwa nani?"

Liberatus akasema hilo ni neno tu, mama. Akaomba chai nyingine.

Alhamisi, 12 Juni

Anord kapiga simu! Gereza limefunguliwa kweli. Kaona kwa macho yake, watu wanacheza barabarani, wengine hawana viatu. Kalia na yeye. Nilifurahi jamani.

Halafu akashusha sauti – kesho yake wafungwa wale wale wamepangwa mstari, wamepewa sululu. Nikamuuliza, unarudi lini? Akasema, "Tumekuja kukomboa, hatuhitaji chochote." Sauti ni yake, lakini kama anasoma mahali. Hata mama Goodness hakuniita, na siku zote huniita kwa jina la mtoto wetu. Simu ikakatika. Nimeogopa.

Jumanne, 17 Juni

Ukungu haujaondoka tangu juzi. Malori yanarudi. Yale yale, masanduku yale yale, neno lile lile – ila springi zimelala kabisa, hayaruki tena. Madereva hawasimami kula. Hakuna anayepiga honi. Yakipita, kuku wanaacha kudonoa.

Jiwe moja lilidondoka kwenye tuta. Dogo kama kitumbua, la bluu. Kulinyanyua kwa mkono mmoja, nimeshindwa! Nikampelekea Liberatus ndani ya ndoo. Kaligeuza, kaligeuza. Akasema, gereza wamelifungua, shemeji, hilo huwezi kulifuta. Ni kweli, siwezi. Lakini jiwe kaniachia mimi.

Ijumaa, 20 Juni

Anord hapatikani.

Jumamosi, 21 Juni

Lori la Anord liko mbele ya nyumba! Nalijua, taa ya kushoto imebandikwa selotepu. Nikatoka mbio na kanga moja.

Kwenye usukani si Anord. Mtu simjui. Kavaa sweta la kijani – na kwenye kiwiko kile kiraka nilichoshona mimi mwenyewe! Nikamuuliza, mume wangu yuko wapi? Akatabasamu kwa upole, kama mzee wa kanisa. Sisi tumekuja kwa ajili ya uhuru wenu, mama. Nikauliza tena. Akajibu vile vile, neno kwa neno. Injini inaunguruma, haitoi moshi. Nikaanza kupiga kelele.

Mama mkwe katoka taratibu, kaninyamazisha kwa mkono.

"Kamwene," akamsalimu.

Akaendelea kutabasamu.

"Nimekuja kumkomboa mwanangu."

Hapo ndipo alipozima injini. Akashusha kioo mpaka chini, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Una nini?"

Mama kageuka. Amerudi ndani. Mimi naandika hapa dirishani, Liberatus nimempigia hapokei. Yule mtu bado anasubiri, kioo wazi, ukungu unaingia ndani ya lori. Huko chumbani nasikia mama anaburuta cherehani.