Nimenyimwa Tortila kwa Ajili ya Tamthilia ya Zamani

Remedios, shoga, nimenyimwa tortila! Mimi! Vichapati vya mahindi tu!

Si unajua wanarudia kuonyesha kwenye runinga ile tamthilia yetu ya zamani, niliyoigiza mama mkwe katili? Leo muuza tortila sokoni kanikodolea macho: "Wewe ndiye uliyemtupa mtoto wa mkweo Azucena! Kwangu hununui!"

Hununui! Mbele ya foleni nzima!

Binti yangu ananivuta mkono: "Mama, waambie ulikuwa unaigiza tu. Waombe radhi, twende."

Radhi? Thubutu!

Nikashika kiuno, nikaangua kile kicheko changu cha kwenye tamthilia. Shoga, foleni ilirudi nyuma! Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Miaka yote hii hakuna aliyenikumbuka. Leo wananichukia tena.

Kesho narudi palepale, na zile hereni nyeusi nilizovaa kwenye tamthilia navaa.