Sumaku na Jina la Mama Lali

Jumatatu, 2 Oktoba 2023
Leo kichwa changu kimegongwa kwa sumaku. Ta-ta-ta-ta! Kama mtu anabisha mlango kwa hasira. Hakuna sindano wala kisu. Dokta Nestan anasema itayaamsha maneno yaliyolala tangu kiharusi. Mara kumi na tano, na pombe marufuku, nisije nikaanguka kifafa. Mimi, tamada, kiongozi wa karamu za kijiji kizima! Arusi ya binti yangu Lali ni tarehe 21. Jirani yangu Valiko ameshajitolea kunishikia nafasi. Eti mzee apumzike. Apumzike yeye!

Kuandika naandika, majina ndiyo yananikimbia. Haya ya watu nanakili kutoka kwenye karatasi aliyoniandikia Lali. La mama yake, marehemu, halimo. Alidhani hilo siwezi kulisahau.

Nimelisahau. Na tamada huwataja marehemu kwa majina. Nikalisome kaburini kama mgeni? Afadhali kufa.

Jumatano, 11 Oktoba
Kisigino! Kizibo! Ungo! Nimetaja picha arobaini na moja kati ya hamsini. Wiki iliyopita kumi na tisa. Dokta kapiga makofi. Njiani nikamwita Valiko kwa jina, bila karatasi, na tusi juu. Akafurahi, mjinga yule.

Jina lile, bado.

Jumatatu, 16 Oktoba
Aibu. Dokta kauliza kama nimekunywa. Nikasema jana nilionja tu mvinyo mpya wa Valiko. Kiasi gani? Lita mbili. Akavua miwani. "Baba Jumber, kwenu kuonja ni lita mbili?" Nikamuuliza kwao mjini Tbilisi wanaonja kwa kijiko? Hakucheka. Kanirudisha nyumbani bila sumaku. Siku nzima imepotea, kwa ulafi wangu!

Jumamosi, 21 Oktoba
Naandika jikoni, mbiombio. Naongoza mimi! Pembe yangu ya kunywea ina maji ya zabibu. Valiko kapaza sauti, "Tamada wa juisi!" Nikamwambia mimi nalewa kwa maneno, yeye hata kwa pipa hana la kusema. Meza nzima hoi kwa kicheko! Nimeinua pembe kwa amani, kwa maarusi, kwa wakwe. Maneno yanamiminika, hayakwami!

Sasa ni zamu ya marehemu. Watu wameshasimama. Lali yuko mlangoni na shela lake: baba, wanakungoja, uanze na mama.

Nakuja, mwanangu. Kidogo tu.

Tsiala.

Tsiala! Mkono umelijua kabla ya mdomo. Lali, nipe pembe, nilitamke kwa sauti—