Jina la Usichana

Kakuma, Jumapili, 17 Machi 2013

Upepo umevuma tangu asubuhi na mchanga umeingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa. Huu ni mwaka wa ishirini na moja tangu nivuke mpaka kutoka kusini mwa Sudan na kuingia kambi hii ya wakimbizi. Nyakim, mke wangu, hakwenda kanisani leo pia.

Kwetu mwanamke akijifungua, jina lake la usichana huachwa. Huwa mama wa fulani mpaka afe. Nyakim ana mvi, na bado wanamwita Nyakim. Kule bombani, binti ambaye juzi tu alikuwa mgongoni mwa mama yake humwambia, "Nyakim, sogeza mtungi wako," kama anavyowaambia wasichana wenzake. Hamtukani. Ni desturi tu, na ndiyo inayommaliza.

Sijui alianza lini kunyauka. Aliacha kwaya kwanza. Kisha akawa anapika bila chumvi, na yeye mwenyewe haioni tofauti. Siku hizi, alasiri, namkuta ameinua uso, anasikiliza. Nikiuliza, husema kuna mtoto analia kwa jirani. Jirani yetu ni mjane anayeishi peke yake.

Nami nimeanza kumsikia.

Alhamisi nilimpeleka hospitali, Lodwar. Muuguzi, Mturkana mchangamfu, alimshika mikono yote miwili, akamsalimu kwa lugha yake. "Ejok, mama! Mama nani?"

Hapa Kenya huo ni uungwana. Nyakim alitazama sakafu, nikamjibia: Nyakim.

"Hapana, mzee, la mtoto wako wa kwanza!" Kisha akaelewa. Baadaye akamuuliza kama anapata usingizi.

"Nalala," mke wangu alisema. "Kuamka ndiko siamki."

Muuguzi alituambia huu ni ugonjwa kama malaria, una tiba yake, na kwamba Nyakim arudi kila mwezi wazungumze. Akasisitiza asiachwe peke yake.

Jana mdogo wangu akapiga simu kutoka nyumbani. Yeye huongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Kaka, msichana tumempata! Ana mgongo wa kubebea kuni! Ng'ombe wako tayari, wewe njoo tu uchinje fahali kwa mkono wako, bila hivyo si ndoa. Huyo bibi kizee abaki hukohuko, tutamtumia sukari." Akacheka sana.

Nyakim alisikia kila neno. Aliinuka, akafua shati langu jeupe, akalianika.

"Nenda, mzee," alisema. "Usife bila mtu wa kukuita baba. Mimi nimezoea."

Nikiwa mkweli, nilitamani kwenda. Nilimwona mtoto mwenyewe, wa kiume, ana masikio ya marehemu baba. Halafu nikaiona nyumba hii bila mimi: Nyakim na yule mtoto asiyekuwepo, kila alasiri, wawili peke yao.

Leo baada ya ibada nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia msichana aolewe na kijana wa rika lake.

"Umerogwa, kaka! Jina lako litafutika!"

Lifutike.

Nyakim alikuwa akichambua dengu nilipomweleza. Hakuinua kichwa. "Utajuta," alisema.

Huenda nikajuta. Lakini nitajutia hapahapa, karibu naye. Nyumbani sitarudi.