Rangi ya Kucha ya Mwalimu Hamdani

Papa, mwaka umetimia tangu moyo wako uliposimama ghafla kule kilimani Gihundwe, wavu wa vipepeo bado mkononi. Tunaandika ili usikie wewe, na wasome pia wale waliokuja matangani kula wali wetu huku wakilitafuna jina lako.

Ulikuwa mwalimu wa biolojia, na mpole kupita kiasi. Ulichemsha chai kabla Maman hajaamka. Uliwasalimia hata waliokucheka. Upole huo hatukuurithi, utusamehe.

Kila msimu vipepeo weupe walipopita juu ya Kamembe, makundi kwa makundi, wote upande mmoja, wewe ulitaka kujua wanakwenda wapi. Majirani walitaka kujua nani amenunua gari. Ulimshika kipepeo kwa vidole viwili, ukamtia tone la rangi nyekundu ya kucha chini ya bawa, ukangoja likauke. Kisha ulimwachia makusudi akiwa ametazama ziwa, naye akageuka mwenyewe na kushika njia ya Bugarama kama wenzake. Ulicheka kila mara, utadhani ndiyo kwanza unaona.

Rangi ulinunua kwa Nasiri mwenye duka, mliyeswali naye safu moja. Nasiri akapiga bongo. Nyumba yetu inaswali, na Maman hapaki kucha kwa sababu rangi inazuia maji ya udhu. Basi hiyo rangi ni ya nani? Ya mwanamke asiyeswali. Na huyo yuko wapi? Bukavu, ng'ambo ya mto! Hiyo ndiyo akili yote aliyojaliwa, na mtaa mzima ukaiazima. Hakuna aliyekuuliza, ingawa ulipita mbele yao na wavu begani.

Tulikusihi ujitetee, ukatuambia:

— Mumuache. Bipepeo biko napita sasa. Nasiri ataikala palepale.

Siku ya kuanua matanga, Nasiri alisimama mbele ya watu, kanzu imenyooka kwa pasi, sauti imejaa huruma.

— Maman Kamali, tusifichane. Kama kuko mwanamuke ngambo, tumuite, naye alie bwana yake.

Maman aliinamisha kichwa. Mjane aliaibishwa kwenye matanga ya mume wake, na hilo halitatutoka.

Hapo pikipiki ikasimama uani. Akashuka Harelimana, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji kutoka Muganza, kulekule Bugarama, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshika kisanduku cha kiberiti.

— Mwalimu iko wapi? Alituambiaka, mukiona kipepeo iko na alama nyekundu, muniletee. Niko nayo.

Hakuwa na habari kwamba umefariki. Alipoambiwa alikaa chini akalia, mgeni yule, kuliko majirani zako wote. Maman akafungua kiberiti. Mlikuwa na kipepeo mweupe, na tone jekundu chini ya bawa. Alikuwa amefika Bugarama, kama ulivyosema siku zote.

Tukamtazama Nasiri. Akakohoa.

— Bon. Sasa kipepeo njo alikuwa anapaka verni ya kucha? Na mwanamuke je?

Watu wakacheka. Walicheka, Papa, na kipepeo yuko mbele ya macho yao. Mwanamke ambaye hakuwepo walimwona vizuri sana. Hatuna hasira nao tena. Tunawadharau tu, na kazi hiyo haituchoshi.

Msimu huu Maman amechukua wavu wako. Anapanda Gihundwe baada ya adhuhuri, anatia tone, anawaachia wakitazama ziwa kama ulivyofanya. Rangi ikimdondokea kidoleni, anasugua mpaka itoke kabla ya kuswali alasiri. Anainunua kwa Nasiri, makusudi.

Juzi habari ilitufikia: eti Maman ana bwana Bukavu. Tuliogopa kumwambia. Tulipomwambia alicheka mpaka akakaa chini, na hakuwa amecheka tangu utuache. Akajifuta machozi, akachukua wavu.

— Mubaache. Bipepeo biko napita.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mutoni, wanao Kamali na Nyiraneza, mjukuu wako Gisa, na Harelimana wa Muganza, ambaye sasa ni ndugu yetu. Nasiri hayumo.

Hutasahaulika kwetu, Papa. Kila vipepeo weupe watakapopita, tutakuwa kule juu na rangi yako.