Programu Iliyokataa Bei ya Kwanza

Jumanne, 2 Septemba

Binamu yangu Mohamedamin amekuja kutoka Garissa na laptopu yake. Ataniachia hadi Alhamisi ya wiki ijayo, basi. Tangu asubuhi kichwa changu hakiko hapa Griftu! Najiona nakamua mbuzi, na huku programu niliyoiandika mwenyewe inanunua na kuuza dola na euro — peke yake, mimi nina maziwa mkononi.

Lakini niiandike kwa lugha gani? Mohamedamin anasema C++ ina mbio, ila itanitoa jasho. MQL imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya biashara. Python ni nyepesi kwa anayeanza. Nikamuuliza basi ipi nzuri. Akasema inategemea. Kila kitu kwake kinategemea!

Alhamisi, 4 Septemba

Abo, baba yangu, amekubali kumuuza Deeqa ninunue laptopu yangu.

Deeqa! Siku niliyozaliwa nilipewa mama yake, ngamia wa kitovu changu, na kila ndama wake akawa wangu. Ukame umewachukua wote. Amebaki yeye.

Sharti ni moja: kabla ya soko la Jumatano nimwonyeshe hiyo programu, na aielewe. Abo ni dalali wa ngamia, miaka thelathini sasa, na Kiingereza hajui. Hapo nikaamua. Python. Sikujali mbio tena. Hii naweza kumsomea mstari kwa mstari: ikiwa bei iko hivi, nunua, la sivyo, ngoja.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemaliza! Mistari arobaini. Pesa ni za mazoezi tu. Kila jioni inafunga biashara zote, maana Hooyo, mama yangu, aliuliza jambo moja: kuna riba? Ipo, ukiilaza biashara hadi kesho. Basi hailali.

Soko la fedha limefungwa hadi Jumatatu. Nimejilaza mkekani nikiota. Ofisi Garissa, feni, kiti cha kuzunguka, dirisha kubwa la kioo. Nje ya dirisha yuko Deeqa, anatafuna. Hata ndotoni sijajua kumtoa pale.

Jumatatu, 8 Septemba

Haijanunua kitu.

Jumanne, 9 Septemba

Siku ya pili, bado! Nimemsomea Abo hivyohivyo. Alisikiliza amefumba macho. Nikafika mstari wa kumi na mbili: ikiwa ni bei ya kwanza, kataa, ngoja muuzaji akuite na bei ya chini. Akafumbua macho.

"Huyo muuzaji wako atakuita?"

Nikasema hakuna muuzaji, Abo. Ni namba tu.

"Sasa unamgomea nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu utotoni namwona akipokea bei ya kwanza kwa vidole, chini ya shuka, watu wasijue. Anatikisa kichwa. Mnunuzi anaondoka, mnunuzi anarudi. Nilidhani masoko yote ndivyo yalivyo.

Mohamedamin amecheka hadi machozi. Abo hakucheka. Amesema lugha niliyochagua ni nzuri, kwa sababu hata yeye ameliona kosa. Kisha akasema kesho tutoke mapema na Deeqa. Nilifurahi. Halafu sikula.

Jumatano, 10 Septemba — sokoni

Naandika nimeegemea ubavu wa Deeqa. Ana joto, na anapumua polepole kama yuko nyumbani.

Jana jioni niliufuta mstari ule. Programu ikanunua, mara ya kwanza! Ikauza, ikapata faida ndogo ya mazoezi. Kila nilichokiota kiko karibu. Kimebaki kitu kimoja tu.

Salah, mnunuzi kutoka Wajir, amempenda Deeqa. Mkono wake na wa Abo ulikaa sana chini ya shuka. Abo akatikisa kichwa. Bei ya kwanza, lazima! Salah akaenda zake. Abo hana wasiwasi, ameagiza chai. Anasema atarudi, wote hurudi, na mimi niache kumkodolea macho, nitaharibu bei.

Siwezi kuacha. Salah amefika langoni. Amesimama anaongea na mtu wa lori. Laptopu naitaka, wallahi naitaka. Lakini nenda, Salah. Panda lori, nenda. Usiwe kama wale wengine.

Abo amemimina chai vikombe vitatu.

Salah anamuaga yule wa lori. Anageuza kichwa —