Aonje Kwanza Mtoaji

Jumatatu, 3 Machi 1952
Mubilizi tena, dawa yetu ya homa. Nimefikicha majani, nimeyaloweka kwenye bakuli, nimesubiri maji yageuke kijani, nimechuja. Mama mkwe akanitazama kutoka kitandani.
"Mukamwana, mke wa mwanangu, onja."
Ndiyo desturi yetu Wahaya. Anayetoa kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakuna anayeudhika. Lakini mimi si mtu wa nje, nimezaa ndani ya nyumba hii. Nimeonja. Chungu kama shubiri. Homa yake iko palepale.

Jumanne, 4 Machi
Mvua. Kuni mbichi, moshi tupu.
Najua chanzo cha kuonjeshwa. Baba mkwe alikufa mwaka jana, jioni ileile niliyompikia chai. Kifua kilimsumbua siku nyingi, lakini watu waliikumbuka chai tu. Tangu hapo naonja kila kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi yangu Kokushubila amefika kutoka Rwamishenye. Hakukaa. Amesema akiwa mlangoni, "Mama akifia mikononi mwako, ujue njia ya kwenu."
Kisha akaenda kulala kwa shangazi yake hapo jirani. Kumuuguza mama yake hataki, kunichunguza anataka.
Mume wangu anashona nguo Miembeni. Nimemtumia habari kwa mwenye baiskeli. Hajaja. Nikifukuzwa, watoto watabaki hapa. Ni wa ukoo wao.
Mchana dresa wa misheni amempa mama mkwe vidonge vya kwinini. Amevimeza papo hapo. Dresa hakuambiwa aonje. Namchukia huyu mama leo. Mungu anisamehe, au asinisamehe. Nimechoka.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Ametapika mubilizi wote kwenye mkeka. Nimefua mkeka, nimeloweka majani mengine.
"Onja."
Nimeonja. Akasema, "Tena." Nikaonja tena. Ndizi hazina ladha, maharage hayana ladha, kila kitu ni mubilizi. Magoti yananiuma. Naogopa atakufa wiki hii.

Jumanne, 11 Machi
Yeye jasho limemtoka, homa imeshuka. Mimi natetemeka. Sikuweza kuinuka. Watoto wamekula kiporo.

Alhamisi, 13 Machi
Jana nilisikia fimbo yake sakafuni, polepole, ikisimama kila mara. Nikadhani anakwenda nje. Alikuwa anakuja kwangu, bakuli mkononi, nusu ya maji imemwagikia kwenye kanga. Majani amechuma mwenyewe nyuma ya nyumba, na mvua ile.
Nilinyoosha mkono. Akalirudisha bakuli kifuani. Akanywa yeye kwanza, funda kubwa, huku ananitazama machoni. Akameza. Ndipo akanipa.
Sikuwa nimemwomba aonje. Nilikunywa, nikalia kama mtoto.
Leo asubuhi Kokushubila amekuja kuona nani amekufa. Mama yake akamkabidhi bakuli tupu.
"Mlowekee wifi yako mengine. Uyachuje vizuri."
Kokushubila akaloweka, uso umemvimba kwa hasira. Alipoyaleta kitandani kwangu, mama mkwe akagonga fimbo.
"Onja."
Ameonja. Nimekunywa yaliyobaki.
Mvua imekatika. Watoto wanacheza kwenye kibanja, kati ya migomba, nawasikia.